Bodi ya Gitaa Ikigeuzwa: Pini Zimekaza, Ngazi Inatoka Wapi?

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa bodi, anzia katikati ya kitako. Hii ni ya grevilea, vipande viwili vilivyogundishwa kati, imetoka kwenye CNC, mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, katika karakana moja ya Majengo, Moshi. Kitakoni ukucha unateleza. Kiunoni, unateleza. Ukifika kwenye ncha ya pembe ya kwanza, unagota. Nusu ya ukingo iliyokatwa kutoka mbele imejitokeza kupita nusu iliyokatwa kutoka nyuma. Nenda kwenye pembe ya pili: huko nako kuna ngazi, ila safari hii ni upande wa nyuma uliojitokeza.

Ukimuuliza fundi, anakujibu bila kusita: "Pini ziko sawa kaka, zimekaza mpaka nimezitoa kwa koleo."

Anasema kweli. Pini zimekaza.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani wiki kadhaa. Ushauri unaozunguka miongoni mwa mafundi wa CNC ni mmoja: ukitaka kukata pande mbili, tumia pini, vipande vya chuma vinavyoirudisha bodi mahali pake ikigeuzwa. Ni ushauri mzuri, lakini unaishia njiani. Pini zinaweza kukaa barabara na bodi ikatoka na ngazi vilevile, na ngazi ya namna hii, isiyoonekana kiunoni ila inayochomoza kwenye pembe kwa kupishana, inasema jambo mahususi sana kuhusu mashine.

## Kosa huzaa pacha

Simama mbele ya kioo, kisha mtu akisogeze kioo nyuma nusu hatua. Sura yako itarudi nyuma hatua nzima.

Mstari wa kugeuzia bodi hufanya vivyo hivyo. Ukiwa umekaa 0.2 mm pembeni ya mahali programu inapodhani upo, mkato wa nyuma utaangukia 0.4 mm mbali na wa mbele. Ndiyo maana mashine inayokata milango na herufi za mabango mwaka mzima bila lawama huaibika siku ya kwanza inapopewa kazi ya pande mbili. Kosa lilikuwepo siku zote. Kwenye kazi ya upande mmoja hakuna kitu cha kuligongea.

Kwa hiyo kupima kwa futi na penseli hapa hakufai. Jicho zuri na penseli iliyochongwa vinakupa nusu milimita, na nusu milimita ikigeuzwa ni milimita nzima.

## Mashine ijitobolee yenyewe

Njia inayokubalika ni kuiachia mashine itoboe matundu ya pini kwa kipimo chake, kwenye ubao wa kafara (ule unaolala chini ya kazi) na kwenye mbao, bila kugusa sifuri ya X (upana) na Y (urefu), mahali mashine inapoanzia kuhesabu, hapo katikati. Wengi hukwama mapema kwa sababu wanataka tundu moja lipenye mbao yote mpaka kwenye ubao wa chini. Mbao ya mm 48 inahitaji biti yenye urefu wa kukata wa mm 60 hivi, na biti ya mm 4 au 6 ya urefu huo ni ngumu kuipata, na ukiipata inapinda.

Tundu halihitaji kupenya.

Bodi ikigeuzwa, uso wa mbele ndio unaolala chini. Pini zinazochomoza kutoka ubao wa kafara zinaingia kwenye uso huohuo. Kwa hiyo tundu fupi kwenye uso wa mbele linatosha.

Chukua kipande cha mm 560 kwa 350 kwa 48. Funga ubao wa kafara, MDF (ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya mm 18, kwa skrubu zilizozama kabisa, kisha usawazishe kwa mashine hiyohiyo. Mbao ikiwa bado pembeni, toboa ubao huo matundu mawili yenye kina cha mm 12, moja kwenye X0 Y20 na jingine X0 Y520. La upande wa shingo liwe la mm 6, la kitako liwe la mm 8. Vipenyo vikitofautiana, bodi haiwezi kukaa kichwa kikiwa mkiani hata fundi awe amechoka vipi. Sasa laza mbao juu yake na uibane. Mstari wa gundi ukiwa umekaa milimita moja nje ya X0 haina shida, maana mhimili wa kazi hii utatokana na matundu, na gundi ni pambo tu. Ukishasawazisha uso wa mbele, na kabla ya kukata kitu kingine chochote, toboa matundu mawili kwenye uso wa mbele, mahali palepale, kina mm 14. Yote mawili yawe kwenye mabaki, nje ya umbo la gitaa.

Pini iwe na urefu wa mm 22: 12 ndani ya ubao wa kafara, 10 nje. Zile milimita 4 zinazobaki ndani ya mbao ni nafasi ya unga. Unga kidogo chini ya ncha ya pini unatosha kuinua bodi upande mmoja, kwa hiyo puliza tundu kwanza na ukwangue mdomo wake kidogo ili nyuzinyuzi zisijikunje chini ya mbao.

Pini za chuma zilizosagwa kwa kipimo si bidhaa ya kila duka la vifaa, lakini karakana nyingi zinazo bila kujua. Mkia wa biti ya ruta iliyovunjika umesagwa kwa usahihi ili ukae kwenye koleti, kile kishikio cha biti, na mikia ya mm 6 na 8 ndiyo imejaa kwenye makopo ya vyuma chakavu. Fimbo za printa mbovu nazo zinafaa. Misumari iliyokatwa, hapana. Vijiti vya mbao vya kuungia samani pia hapana, maana hata mviringo wake si wa kuamini.

Jambo la kukaza nalo lina utata wake. Keekee ikitoboa mninga hufuata nyuzi za mbao na kukimbia pembeni, na kwenye mbao laini huacha tundu lenye manyoya. Afadhali tundu lichongwe kwa biti ya mm 4 ikizunguka huku inashuka. Anza na kipenyo cha 5.95, jaribu pini, kisha ongeza 0.05 kwa zamu. Kwenye ubao wa kafara pini iingie kwa kugongwa kidogo. Kwenye mbao iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Na kabla hujaendelea, pima tundu hilo kwa venia (kipimio chenye taya) kwa upande wa X na kwa upande wa Y: likiwa na umbo la yai, mashine ina mchezo kwenye skrubu au mkanda wake, na pini haitaufuta.

## Kwa nini katikati, na kwa nini kwa urefu

Kuna shule ya pini nne kwenye kona nne. Kwa alumini, sawa. Kwa mbao siafiki.

Mbao huvimba na kusinyaa kwa upana wake. Kwa urefu wa nyuzi haisogei kiasi cha kujali. Chukua kadirio la kati, 0.2% ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu: kipande cha mm 350 kinasogea 0.7 mm. Ukitoboa pini za kona mchana wa jua na kugeuza bodi kesho yake baada ya mvua ya masika kunyesha usiku kucha, matundu ya kushoto na kulia yamesogeleana au kuachana, na pini zitakuwa zinaibana mbao badala ya kuipanga. Pini mbili zilizo kwenye mstari mmoja, sambamba na nyuzi za mbao, haziathiriki hivyo. Upana ukibadilika, unabadilika sawa huku na huku, na mstari wa kati unabaki pale pale.

Umbali kati yake pia ni ulinzi. Pini yenye nafasi ya 0.1 mm, ikiwa mm 500 kutoka mwenzake, hairuhusu bodi kuzunguka kwa kiasi cha kuonekana. Zikiwa mm 80 kutoka moja hadi nyingine, 0.1 hiyo inageuka zaidi ya nusu milimita mwisho wa bodi.

Grevilea inayouzwa hapa kwetu, nyingi ikiwa ni ile ya kivuli cha kahawa kutoka mitelemko ya Kilimanjaro na Meru, mara nyingi hufika sokoni ikiwa mbichi. Ukichimba mashimo makubwa ya pikapu (vinasa sauti ya nyuzi) kutoka mbele, mbao inajikunja siku hiyohiyo, na ikigeuzwa inacheza kama meza mbovu. Dawa ni kuchonga pande zote mbili kwa kuacha milimita 2, kuipumzisha, kisha kuirudisha kwenye pini kwa mkato wa mwisho. Mninga mkavu unakusamehe mengi hapa, lakini bei yake haikusamehe.

## Mashine iliyopinda kidogo

Turudi kwenye pembe zile mbili.

Kama tatizo lingekuwa mstari wa pini umehama pembeni, ngazi ingeonekana kiunoni, kushoto na kulia, na ingekuwa sawa kwa urefu wote. Kama bodi ingekuwa imezunguka kwenye pini, ngazi ya ubavuni ingeanza ndogo mwisho mmoja na kukua kuelekea mwingine. Bodi yetu haina lolote kati ya hayo. Ubavu wake ni safi. Kitako kwenye mstari wa kati ni safi. Ngazi iko kwenye ncha za pembe tu, mahali ambapo ukingo unatazama upande wa Y, na imepishana: kulia mbele, kushoto nyuma.

Hiyo ni gantri (daraja linalobeba kikatio cha mashine) isiyokaa digrii 90.

X na Y zikiachana na kona mraba, kila kitu kilicho kulia kwa mstari wa kati kinasukumwa juu kidogo na kila kilicho kushoto kinashushwa. Ukigeuza bodi, kilichokuwa kulia sasa kiko kushoto, na mashine inakisukuma upande wa pili. Pini zinaweza kuwa kamilifu. Zenyewe ziko kwenye mstari wa kati, mahali ambapo kosa hili ni sifuri, na ndiyo sababu hazioni kitu.

Hesabu yake si kubwa. Toboa matundu manne kwenye MDF, mstatili wa mm 300 kwa 400. Ulalo wa kila upande, kona hadi kona, unatakiwa kuwa 500. Ulalo mmoja ukiupita mwingine kwa 0.6 mm, Y imelala karibu 0.5 mm katika kila mm 400. Kwenye pembe iliyo mm 150 kutoka mstari wa kati, ngazi itakuwa karibu 0.4 mm.

Kupima mm 500 kwa usahihi wa sehemu ya milimita si kazi ya futi, na venia za karakana nyingi zinaishia 150. Kuna njia ya bei ya kipande cha MDF. Weka pini kama utakavyofanya kwenye gitaa. Toboa matundu manne ya mm 6, mawili kulia na mawili kushoto, kila moja mm 150 kutoka mstari, yafike nusu ya unene. Geuza. Toboa tena kutoka nyuma mpaka yakutane. Inua MDF kwenye mwanga wa dirisha.

Matundu yakikutana sawasawa utaona duara. Yasipokutana utaona umbo la jicho. Mkia wa biti mnene kuliko yote unaopita hapo unakupa jibu: tundu la mm 6 lililopishana kwa kiasi fulani hupitisha pini ya 6 kutoa kiasi hicho. Ya 5.5 ikipita kwa shida, umepishana nusu milimita. Upande ambao jicho limebanwa unakwambia ugonjwa. Likibanwa kwa X kwa namna moja kwenye matundu yote manne, mstari wa pini umehama. Likibanwa kwa X huku ncha mbili za bodi zikipingana, bodi imezunguka. Likibanwa kwa Y, kulia kukipingana na kushoto, na X ikiwa safi, legeza boliti za gantri.

Na ukirekebisha, rekebisha nusu ya unachokiona. Nusu nyingine imezaliwa na kugeuza.

## Kimo

Hapa nitapita haraka, maana kanuni ni moja. Ukiwa mbele, sawazisha uso kwanza na uweke sifuri ya Z (kimo) juu ya uso huo. Ukigeuza, weka sifuri kwenye ubao wa kafara, wala usiiweke juu ya mbao. Uso wa mbele sasa umelala pale chini, kwa hiyo ukimwambia biti akate mpaka Z 44.45, unapata bodi ya mm 44.45, mbao iwe ilianza na 46 au 48. Anayeweka sifuri juu ya mbao mbichi anapata unene wowote ule.

Unene huo una kazi. Mfuko wa shingo (shimo ambamo shingo ya gitaa inakaa) wa mtindo wa Fender, kampuni ya magitaa, una kina cha karibu mm 16, chini yake zinabaki mm 28 na kitu, na skrubu ya shingo ya inchi 1¾ inapita hapo pamoja na bamba lake ndipo ing'ate shingo. Bodi ikinenepa milimita 3, umeiba milimita 3 za kung'ata.

## Kipi hasa kinatakiwa kukutana na kipi?

Baada ya kuhangaika na pini na gantri, swali hili ndilo lililobadilisha mtazamo wangu wote.

Mfuko wa shingo, briji (kiti cha nyuzi kwenye bodi) na pikapu vinahitaji kukubaliana vyenyewe kwa vyenyewe, na kwa usahihi mkubwa, maana nyuzi zenye skeli (urefu wa uzi unaolia) ya mm 648 zitafichua kila upotovu. Lakini vyote vinakatwa kutoka mbele, katika kufunga mbao mara moja. Kugeuza hakuvigusi. Matundu manne ya skrubu za shingo yanatoka nyuma, mm 38 kwa 51, yakilenga kisigino cha shingo chenye upana wa mm 56. Pana nafasi ya mm 9 kila upande. Yakihama 0.4, hakuna atakayejua.

Kinachowatesa watu ni matundu ya nyuzi kwenye bodi za mtindo wa Telecaster, gitaa la Fender, sita kwa mstari, 10.8 mm kutoka moja hadi jingine, nyuzi zikiingilia nyuma na kutokea kwenye briji. Vikombe vyake vidogo vya chuma vikikaa kombo, mteja anaona kabla hata hajalipiga gitaa. Wengi hujaribu kutoboa kutoka mbele moja kwa moja hadi nyuma kwa keekee ya mm 3.2, wakiogopa kugeuza. Keekee nyembamba katika mm 44 za mbao itatembea, na kila moja itatembea kivyake, na huko nyuma ndiko mstari unakopinda.

Fanya kinyume. Toboa mm 25 kutoka mbele, geuza, toboa vikombe na mm 22 kutoka nyuma. Vikombe vyote sita vimetobolewa kwa mkao mmoja, kwa hiyo mstari wao umenyooka hata kama kugeuza kuna kosa. Kosa linajificha katikati ya mbao. Tundu la 3.2 lililopishana 0.4 bado lina njia ya 2.8, na uzi mnene wa gitaa la kawaida hauzidi mm 1.2.

Umbo la nje nalo linaweza kukwepa mgogoro. Kata kutoka mbele kwa kina cha mm 25 kwa kipimo kamili. Kutoka nyuma, kata ukiwa umeacha milimita moja nje ya mstari, kisha maliza kwenye meza ya ruta kwa biti yenye beringi, beringi ikitembea juu ya sehemu iliyokatwa kutoka mbele. Ubavu wote unakuwa umetokana na upande mmoja. Uwe makini kwenye ncha za pembe, mbao inapotazama kwa kichwa chake, nyuzi zinapokatikia: biti ikikata kinyume na nyuzi inaweza kunyofoa kipande kizima. Kwa gitaa moja au mawili ningefanya hivi bila kuona haya. Kwa oda ya magitaa ya kwaya kumi na mbili, ningenyoosha gantri kwanza.

## Umeme ukikatika baada ya kugeuza

Mbao imegeuzwa, imebanwa, nusu ya kazi imekatwa, na umeme unakwenda. Ukirudi, mota zinajishika kwenye hatua iliyo karibu, na mashine haijui ilipo. Limiti swichi, zile za mwisho wa njia, zitairudisha nyumbani kwa makadirio. Pini zote mbili zimefunikwa na mbao, huwezi kuzitumia kupima.

Kwa hiyo siku ya kutoboa matundu ya pini, toboa mengine mawili ya ushahidi nje ya eneo la mbao: X0 Y-40 na X170 Y-40, mm 6, kwa sifuri ileile. Umeme ukirudi, funga kipande cha fimbo ya mm 6 kwenye koleti, peleka mashine kwenye la kwanza, na ushushe taratibu kwa mkono. Ikiingia bila kugusa mdomo, nenda la pili. La pili ni la muhimu zaidi kwenye mashine yenye mota mbili za Y, kwa sababu kila mota inaweza kujishika kwenye hatua yake na gantri ikabaki imekaa mshazari. Fimbo ikiingia la kwanza na kugoma la pili, usianze kuhamisha sifuri ya X na Y. Zima mota, sukuma pande zote mbili za gantri hadi zigonge vizuizi vyake, washa, rudisha nyumbani, na ujaribu matundu yote mawili upya.